Yule Mzee wa Plagi na Nozeli

Stuttgart, Ujerumani

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, masomo ya ufundi yanaendelea vizuri na baridi imeanza kupungua.

Baba, uliniuliza kwenye simu kama jina lililo kwenye zile boksi za plagi za cheche na nozeli za kunyunyizia dizeli pale gereji ni la mtu. Ndiyo, ni la mtu, na alianzia mji huu huu ninaoishi. Robert Bosch alizaliwa mwaka 1861 kijiji cha Albeck karibu na Ulm, mtoto wa 11 kati ya 12, wazazi wake wakulima wenye nyumba ya wageni. Alijifunza ufundi, akafanya kazi hadi Marekani kwa mvumbuzi Edison, na Novemba 1886 akafungua karakana hapa Stuttgart kwa fedha za urithi. Walikuwa watatu tu: yeye, fundi mmoja na kijana wa kutumwa.

Hapa naomba mdogo wangu asikilize vizuri, maana najua anaumia kwamba gereji haikui. Bosch kwa miaka kumi na zaidi alishika kazi yoyote iliyokuja, kufunga simu, kufunga kengele za umeme, na alizunguka kwa baiskeli kukagua kazi za mafundi wake kwa wateja. Kuna kipindi kazi zilikauka akalazimika kuwaachisha karibu wote. Mikopo na msaada wa ndugu ndivyo vilivyomvusha.

Kilichomtoa ni magneto, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche ya kuwashia mafuta ndani ya injini. Mteja mmoja alimwagiza moja mwaka 1887, ya injini ya kukaa mahali pamoja, naye akaiboresha na kuendelea kuziuza. Mwaka 1897 akaletewa pikipiki ya magurudumu matatu ya kampuni ya Kifaransa ya De Dion-Bouton aifungie magneto. Injini ile ilizunguka kasi mara nyingi kuliko zile alizozoea, na koili nzito ya magneto haikuweza kuchezeshwa huku na huku kwa mwendo huo. Fundi wake Arnold Zähringer akaiacha koili itulie, akachezesha kikopo chepesi cha chuma kilichoizunguka. Cheche ikaja kwa wakati! Baba, nilipoelezwa hilo darasani nilikukumbuka wewe, maana hivyo ndivyo unavyofikiri ukiinama kwenye injini. Mwaka 1902 fundi mwingine, Gottlob Honold, akaleta magneto ya umeme mkubwa pamoja na plagi, na kufikia 1906 walikuwa wametengeneza magneto 100,000. Pampu za kusukuma dizeli kwenye injini zilifuata mwaka 1927.

Mwaka huo huo wa 1906 Bosch alipunguza kazi ya kutwa kuwa saa 8, wakati viwanda vingi bado vilikuwa vinawakalisha watu saa 10. Alishikilia kwamba utajiri wake ulitokana na kulipa vizuri. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa magneto. Lakini sitawaficha jingine: wakati wa vita ya pili ya dunia viwanda vyake vilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Yeye na wasaidizi wake wa karibu waliwasaidia kwa siri Wayahudi na wapinzani wa Hitler, ila hilo halifuti mateso ya wale wengine. Alifariki Machi 1942. Leo sehemu kubwa ya kampuni inamilikiwa na wakfu wenye jina lake, na faida inayoufikia inakwenda kwenye afya, elimu na mambo kama hayo.

Nimetuma fedha kidogo. Naomba kwanza wale vijana wawili wanaojifunza kazi walipwe posho yao yote ya nyuma, kisha zinazobaki ziongezwe kwenye mashine ya kupimia nozeli. Baba, ukishaiona dukani nipigie kabla hujailipia, nimuulize mwalimu wangu kama ni nzima.

Mama, dawa za presha usiziruke. Wasalimieni majirani wote.

Binti yenu