Shukrani kwa dada wa meza ya jirani

Jamani naomba nimshukuru dada mmoja ambaye hata jina sikumuuliza, tulikaa meza jirani pale kwenye nyama ya Kikorea, ile unajichomea mwenyewe mezani. Alituona na sahani ya nyama mbichi tunaangaliana tu, akaja, akasema anzeni na isiyo na viungo, zile mbavu zilizolowekwa kwenye soya na sukari ziacheni mwisho maana sukari inaungua fasta na wavu wote unakuwa mweusi, halafu koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva (mhudumu hilo hakulitaja kabisa, haya bwana). Akachukua mkasi akakata nyama hapo hapo juu ya moto, akafunga kipande kwenye jani la letusi na kitunguu saumu na ssamjang kidogo (ule mchuzi mzito wa Kikorea wa soya na pilipili), akasema weka mdomoni lote, usiling'ate nusu nusu. Weee, utamu wake!

Na bingsu ni yeye alitushauri, barafu ya maziwa imesagwa laini kabisa, juu maharage mekundu matamu. Maharage kwenye dezeti nilibisha sana ila bakuli tulilikwangua.

Dada ubarikiwe, na yule mwenzako aliyekuwa anakuita nyama yenu inaungua mwambie atusamehe.