Mgogoro wa ardhi usisubiri damu ndipo uandikwe

Mhariri,

Mgogoro wa wakulima na wafugaji hupewa ukurasa wa kwanza siku watu wanapouawa. Ilikuwa hivyo Rudewa, Kilosa, Desemba 2000, watu 38 walipopoteza maisha. Wanakijiji wanaotaka kusikika mapema nao huja kwa waandishi na hasira tu, na hasira haichapiki.

Waanze na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia kwanza. Wanakijiji, muombeni mtendaji wa kijiji nakala ya muhtasari pamoja na orodha ya mahudhurio, kwa kuwa uchakachuaji hujificha kwenye mahudhurio: jina la marehemu, saini kumi za mwandiko mmoja, karatasi iliyochomolewa kutoka mkutano mwingine. Akigoma, mwandikieni kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Ikikaa kimya, barua hiyo yenye muhuri ni habari tosha.

Mpeni mwandishi vivuli, nakala halisi zibaki kijijini. Mpeni pia namba ya simu ya mnayemlalamikia. Wengi huificha wakidhani wanamkomoa, kumbe habari ya upande mmoja huozea mezani kwa mhariri, au hutoka leo na kesho gazeti likaomba radhi. Msimwite mwizi; semeni alichofanya, lini, na ekari ngapi. (Mwandishi anayedai nauli kabla ya kuona karatasi, mwacheni aende.)

Kuna suala la muda pia. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka. Habari ikitoka siku tatu nne kabla ya kikao, diwani ana cha kushika mkononi na mkurugenzi hana budi kujibu. Ikitoka baada ya kikao, itasubiri robo nyingine, na mvua zikianza wenzenu wameshalima.

Gazeti nalo lina lawama. Habari hizi hutoka mara moja, basi. Tunaomba mwandishi aliyeripoti malalamiko arudi kwenye kikao hicho cha madiwani, aandike nani alijibu nini.

Wasomaji wenu,
Morogoro