Bei za fimbo za kuchonga

Wakuu habari zenu, naona watu wanapost fimbo za pool za kuchonga kwa mkono halafu bei "njoo inbox", hiyo tuache jamani. Fundi asiyejulikana jina lake haliuzi, kinachouza ni kazi yake, kwa hiyo piga picha jointi (pale vipande viwili vya fimbo vinapoungana) ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, taja uzito (nyingi ni aunsi 18 hadi 21), na yale mapambo ya kwenye kitako (upande mnene wa kushikia) useme ni mpingo umepachikwa kweli au stika tu, maana bei zake haziwezi kulingana hata kidogo. Iviringishe mezani, turushie video tuone kama imepinda. Mnaobadilishana mkubaliane kwanza nani anatuma na nani analipia usafiri. Na "mimi nilinunua ghali" sio bei ya soko mkuu 😅