Tochi yako haijafa: kwa nini mwanga unashuka, na kwa nini kuseti kipimo chake cha joto ni Sh10,000

Kila msimu wa kupanda mlima ukifika, lalamiko ni lile lile: "Mangi, mmeniuzia lumeni elfu nne, mbona dakika moja tu zimebaki robo?" Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Juzi mwongozaji mmoja wa Kilimanjaro, mteja wetu wa siku nyingi, alitamka mbele ya wateja wengine kwamba tumemwibia. Limetuuma. Hakuna tochi inayotoka hapa dukani Moshi bila kuwashwa, kupimwa na kufunguliwa mkia, yaani kifuniko cha nyuma, mbele ya mnunuzi.

Tochi ya mfukoni yenye LED nne, ukiifungulia yote, inakula wati 40 na zaidi. Umeme wa kiasi hicho ndio fundi redio anayeyushia risasi, na wewe umeushika mkononi ndani ya kipande cha alumini chenye urefu wa kiganja. Joto lazima liende mahali. Ndiyo maana tochi zenye programu ya Anduril, na hizo ndizo nyingi tunazouza, zina kipimo cha joto ndani. Likikaribia kikomo, ambacho kwa kawaida kiwandani huwekwa nyuzi 45, zinapunguza mwanga zenyewe. Isingepungua, ungeitupa chini kwa kuungua.

Na zile saa za kuwaka zilizoandikwa kwenye boksi je? Kipimo cha FL1, kanuni ya kupimia tochi inayotumika tangu 2009, kinahesabu muda mpaka mwanga ufike asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Lumeni nyingi na saa nyingi zimeandikwa boksi moja, lakini hazipatikani kwa pamoja.

Piga hesabu mwenyewe. Betri nzuri ya 18650 (hiyo ndiyo saizi yake) yenye ujazo wa mAh 3,500 ina wati-saa 12.6. Kwa wati 40 haifiki dakika 20, hata kama joto lisingekuwepo. Mwongozaji anaondoka kambi ya Barafu karibu na usiku wa manane na anatembea saa sita, saba, mpaka kilele cha Uhuru. Ukigawa betri hiyo kwa saa saba unapata chini ya wati 2, yaani kama lumeni 200, na baridi ya kule juu inaipunguzia betri nguvu zaidi. Lumeni 200 zinatosha kabisa kuona jiwe la mbele na kisigino cha mgeni wako. Kwa waongozaji huwa tunaweka dari ya mwanga, yaani kiwango cha juu cha matumizi ya kawaida, karibu na hapo, na zile elfu nne zinabaki kwa kubonyeza mara mbili upesi, pale unapomtafuta mtu aliyeachwa nyuma.

Sasa njia ya mkato. Kijana mmoja hakupenda mwanga kushuka, rafiki yake akamwonyesha video ya namna ya kupandisha kikomo. Menyu ya joto ina hatua mbili. Ya kwanza inauliza joto la sasa hivi, nawe unabonyeza mara moja kwa kila nyuzi. Ya pili ndiyo kikomo: nyuzi 30, ukijumlisha idadi ya mibonyezo. Rafiki alibonyeza mara moja kwenye hatua ya kwanza, "kujaribu", kisha mara 30 kwenye ya pili. Chumba kilikuwa na nyuzi kama 24, tochi ikaambiwa ni nyuzi 1. Kuanzia hapo ilikuwa inasoma pungufu kwa nyuzi 23, na kikomo kilichoitwa 60 kikawa 83 halisi. Tochi haikupunguza mwanga tena, kweli. Ilipoletwa, LED mbili zilikuwa zinatoa mwanga wa buluu ya kuumiza macho, ile rangi ya njano juu yake imeungua. Tulizing'oa, tukaweka mpya na kupaka upya grisi ya kupitishia joto. Alilipa mara nane ya bei ya kuseti.

Tunaulizwa: kubonyeza kitufe tu ndiyo elfu kumi? Hatubonyezi tu. Tochi inalala hapa usiku kucha ikiwa imezimwa, mpaka chuma chote kiwe na joto moja na chumba. Asubuhi, kabla mtu hajaishika, maana mkono nao unaipasha, tunasoma kipimajoto kilicholala pembeni yake ndipo tunaiingizia namba. Kisha tunaiwasha yote na kuangalia inashuka wapi. Ukituambia "niseti fasta, gari linaondoka", tutakataa.

Betri ndiyo inayotugombanisha zaidi. Yetu ni Sh30,000, mtaani ipo ya Sh5,000 iliyoandikwa mAh 9,900. Hakuna 18650 ya mAh 9,900 duniani. Hata zilizo bora hazifiki nusu ya hapo. Iweke kwenye mizani: ya kweli ina gramu 45 au zaidi kidogo. Moja tuliyoletewa ilikuwa na gramu 28. Wengine wanatoa betri kwenye kompyuta ya zamani. Hizo ni za kweli, ila hazikutengenezwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Msimamizi wa shamba la kahawa huko Kibosho alituletea tochi yenye betri ya namna hiyo, nailoni imechanika upande wa chanya. Ukingo wa kopo la betri pale ni hasi. Chuma kikigusa pande zote mbili ni shoti. Springi ilikuwa nyeusi, imelegea kama uzi. Tulibadilisha springi na bodi nzima, na kwa gharama hiyo angenunua betri nne za kwetu, chenji ikabaki.

Vumbi la mlimani likiingia kwenye meno ya mkia, mwanga unacheza. Pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, paka grisi kidogo ya oringi (ule mpira wa duara unaozuia maji) tunayokupa ndani ya boksi. Usipake mafuta ya mgando. Oringi nyingine zinafura na kukatika.

Na kabla hujapanda gari kutoka Rombo kuja kutuambia tochi imekufa, bonyeza mara nne upesi. Mara nyingi imejifunga mfukoni tu. Kuifungua hatutozi, ila nauli ni yako.

Ukija, njoo na tochi pamoja na betri uliyokuwa unatumia, siyo tochi peke yake. Kupima volti na uzito wa betri ni bure, hata kama hukununua kwetu. Kikomo cha joto hatupandishi zaidi ya nyuzi 50 kwa mteja yeyote, na tochi iliyopandishwa kwingine inaingia kwenye matengenezo ya kulipia, siyo garantii.