Tuulizwe kabla ya kubadilishwa sura

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie picha tunazopigwa siku hizi. Mwezi uliopita nilimpeleka mama katika studio moja katikati ya jiji la Nairobi, apigwe picha ya kutimiza miaka 70. Tulipoipokea, mikunjo ya paji la uso ilikuwa imelainishwa, ngozi yake nyeusi imefanywa maji ya kunde, na kovu la kidevuni, alilolipata utotoni akichanja kuni, halipo. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani, mwanangu?"

Sipingi teknolojia. Kamera ya kidijitali iliyoundwa Kodak mwaka 1975 ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja, tena isiyo na rangi. Leo simu hufanya hivyo kufumba na kufumbua, na kwa simu hiyo hiyo tunalipia matatu na sukuma wiki. Ninalolalamikia ni sura kurekebishwa na programu kabla mwenyewe hajaulizwa, na mara nyingi kuelekea weupe. Wapiga picha wetu, tafadhali ulizeni kwanza, na muihifadhi picha asilia, kwani ile ya mama ilikuwa imekwisha kufutwa.

Msomaji,
Kayole, Nairobi