Mkusanyiko wa Julio Iglesias: tazama zaidi ya jalada

Mhariri,

Wapenzi wa Julio Iglesias, mwimbaji wa Uhispania, hapa Mombasa wasinunue mkusanyiko wa nyimbo zake bora kwa kutazama jalada tu. Ule wa 2011, uitwao "1", ulirekodiwa upya; majina ya nyimbo ni yale yale, lakini sauti si ile ya miaka ya sabini na themanini.

Kwenye santuri, jumlisha dakika za nyimbo za kila upande. Upande mmoja hutosha kama 22. Ukijazwa zaidi, mifereji ambamo sindano ya gramafoni hupita hubanwa, sauti hushuka na besi hufifia. (Wauzaji husingizia sindano!) Joto letu hupinda santuri zilizorundikwa, basi zisimamishwe wima. Ukungu ulioota juu yake usifutwe kwa maji ya kisima: chumvi hubaki mferejini, ikakwaruza.

Msikilizaji,
Makadara, Mombasa