Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: wakaushaji wa dagaa nao wahesabiwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia kuhusu wanawake wanaokausha dagaa katika mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, ya Ilemela, Sengerema na Ukerewe, kwa sababu kila yanapotajwa mabadiliko ya tabianchi katika Ziwa Victoria, anayehesabiwa ni mvuvi aliye majini, na anayesahauliwa ni yule anayewapokea dagaa nchi kavu.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Alfajiri mwanamke huwanunua kwa ndoo, mara nyingi kwa fedha ya kukopa, akawaanika mchangani au juu ya chanja. Jua likiwaka vyema hukauka siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha adhuhuri huharibika, na wanaosalia huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wakati huo mwenye mtumbwi amekwisha kulipwa. Zamani tulijihadhari na masika na vuli, lakini sasa mvua hutukuta hata katika miezi tuliyoizoea kuwa ya kiangazi.

Ardhi nayo imepungua. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kupita kiwango cha mwaka 1964, kilichokuwa rekodi hadi hapo, na fukwe nyingi zikafunikwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na siombi ivunjwe, kwani tunaihitaji. Ninachoomba ni kila halmashauri itenge, nyuma ya mita hizo, eneo la kuanikia lenye vikaushio vya jua vilivyoezekwa, na hati ya matumizi yake iandikwe kwa jina la kikundi cha wanawake wenyewe, kwa kuwa eneo lisilo na maandishi huishia mikononi mwa mwenye nguvu.

Boti na vizimba vya kufugia samaki vilivyokopeshwa mkoani kwetu mwaka 2024 ni jambo jema, ingawa havimwokoi mwanamke ambaye dagaa wake wameloa. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa wanawake bila riba. Tunaomba marejesho ya wakaushaji yafuate msimu: yapungue wakati wa mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika, na katika miezi ya mvua.

Tunakuomba ufike mwaloni asubuhi, dagaa wanaposhushwa, uzungumze na wanaowaanika kabla ya bajeti ijayo kupitishwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkaushaji wa dagaa, Igombe